Vigingi Vyekundu vya Bigwa

Aibu hii naibeba tangu enzi za Mjerumani, na hata leo nikipita Bigwa nikamwona mtu anachimba muhogo, shingo yangu huingia mabegani yenyewe kama ya kobe.

Nilikuwa seremala kijana kutoka Bagamoyo, nikaoa Bigwa, na kwa desturi ya Waluguru nikajenga kwenye ardhi ya ukoo wa mke wangu (yaani mwenye neno pale alikuwa mama mkwe, mimi nilikuwa mwenye randa tu). Karakana yangu ilikuwa banda dogo, mbao ndefu nazipigia randa nje, na mvua ikishuka kutoka mlimani uwanja unakuwa uji, benchi linazama miguu. Basi mwashi mmoja wa stesheni, niliyemtengenezea milango, akaniahidi pipa la saruji lililobaki, nami nikaazimia kumwaga sakafu ya zege kando ya karakana.

Ningepima kwa hatua, yangeishia hapo. Lakini nilikuwa nimewaona wapima wa reli, vigingi vyao vimenyooka, kila kimoja na kitambaa chake, roho ikanituma niwaige. Mke wangu Mwanaidi alikuwa Matombo akimuuguza dada yake. Nikachana kanga yake nyekundu iliyochakaa, nikapigilia vigingi vya sakafu, kisha, ili niwe na hakika mstari umenyooka, nikauendeleza: kigingi kimoja kwenye mihogo ya mama mkwe, kingine kwa jirani Kondo, kingine karibu na njia. Nikafumba jicho moja, nikajisifu, nikaenda mjini kufuata pipa. Mvua ikanizuia, nikalala huko.

Niliporudi kesho yake, mchukuzi akivingirisha pipa nyuma yangu, mtaa mzima ulikuwa unachimba. Mihogo michanga, myembamba kama vidole! Mama mkwe alikuwa na tope hadi magotini.

"Shikamoo mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Afadhali umerudi, baba. Wazungu wamepima mashamba. Tunachimba kabla hawajayachukua."

"Mpaka kwangu wamefika," Kondo akadakia. "Tena vitambaa vyekundu! Vya reli vilikuwa vyeupe, na bado watu walihamishwa. Hivi vyekundu si ndiyo balaa lenyewe?"

Mwenye akili angesema palepale. Mimi nikauliza, "Vigingi vya namna gani?" (Mungu anisamehe.)

Wakaniona mtu wa pwani, mjuzi wa mambo ya serikali, wakanichagua niwasemee kwa akida. Kufumba na kufumbua niko mbele na kofia yangu, nyuma yangu wazee, akina mama na vikapu vya mihogo kama ushahidi, na Kondo ameshika kigingi kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika mkia wa nyoka.

Katikati ya njia mama mkwe akasema, "Hebu nikione." Akakikunjua kitambaa, akakipapasa pindo.

"Kanga hii naijua. Nilimpa mwanangu siku ya harusi." Akaniangalia. "Fundi," akasema, na tangu nioe hakuwa ameniita hivyo, "mwanangu yuko Matombo. Nani ameichana?"

"Mimi, mama."

"Kwa nini?"

"Nilitaka sakafu inyooke."

Kondo alicheka mpaka akakaa kwenye tope. Wengine hawakucheka, maana muhogo ukishang'olewa haurudi ardhini, na chakula cha miezi kilikuwa vikapuni. Nilijua nikifukuzwa pale, ndoa yangu nayo imekwisha.

Mama mkwe akafikiri, kisha akauliza, "Hiyo sakafu yako ikikauka, tope litapanda juu?"

"Halipandi, mama."

"Basi ni yetu kwanza."

Tukageuza njia, waliobeba mihogo wakabeba mawe na mchanga, tukamwaga zege. Ilipokauka, mihogo yote ya mtaa ikamenywa na kuanikwa juu yake, nyeupe mpaka ukingoni, nami nikapiga randa topeni msimu mzima, mama mkwe akiwa kwenye kigoda na fimbo ya kufukuzia kuku: "Mkwe, sogea, vumbi la mbao linaingia kwenye makopa yetu."

Ametangulia sasa, Mungu amrehemu. Nami mpaka leo sipigilii kigingi, hata cha kufungia mbuzi, kabla sijabisha hodi kwa mwenye ardhi. Sakafu ipo, ina nyufa, na jua likiwaka huwa nasikia harufu ya muhogo mkavu, nakumbuka siku aliyosimama juu yake kwa mara ya kwanza, akafumba jicho moja kama mimi, akasema, "Lakini baba, mbona imepinda?"