Herufi Iliyokosa Mahali

Saa nne asubuhi, chai imeshapoa mezani. Mwandishi wa maelekezo anasimama, anazunguka kiti, anakaa, anafuta sentensi aliyoiandika sasa hivi. Anasimama tena. Mumewe humtania kwamba lile zulia litatoboka kabla ukurasa haujaisha.

Anaandika maelekezo ya programu inayochunguza programu nyingine: unaipa jina la programu, nayo inakuonyesha kila kitu ambacho programu hiyo inaiomba kompyuta. Huendeshwa kwa amri za kuandika, zenye herufi za kuielekeza. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa.

Ukitanguliza "o" kabla ya jina la programu unayoichunguza, ripoti inahifadhiwa. Ukiiweka baada ya jina, programu inayochunguza haina habari nayo. Inakwenda kwa ile programu nyingine, ambayo huenda ikaielewa kivyake.

Mdogo wake, fundi wa kompyuta katika zahanati, alipokuwa akiichunguza programu ya ratiba za wagonjwa, aliiweka baada ya jina. Kwa programu hiyo, "o" ilikuwa ya kuondoa. Ratiba ikafutika. Wajawazito na wazee walirundikana mlangoni, hakuna aliyejua zamu ya nani, na fundi akasimamishwa kazi.

"Dada, nilifuata mlichoandika," alimwambia.

Dada alikwenda kuangalia. Ukurasa huo, uliokuwepo kabla hajaajiriwa, ulisema tu: ongeza "o" ili kuhifadhi ripoti. Iongezwe wapi, kimya.

Alipoomba kuurekebisha, msimamizi wa programu alimjibu kwamba aliyeizoea anajua.

"Aliyeizoea haufungui huo ukurasa," alisema. "Anaufungua mdogo wangu, huku wagonjwa wanamsubiri."

Msimamizi akamruhusu.

Kila sentensi mpya alimpa mdogo wake aijaribu kwenye kompyuta isiyo na kitu. Kidole cha mdogo kikisita juu ya kibodi, dada alifuta na kuanza upya. Mwishowe aliandika amri nzima, mfano kamili, na chini yake onyo la wazi. Kidole hakikusita.

Mkuu wa zahanati alisoma ukurasa wa zamani na mpya, akamrudisha fundi kazini kwa sharti moja: asijaribu tena amri ngeni kwenye kompyuta ya wagonjwa.

Sasa dada mtu anataka kuzipitia herufi zote zilizobaki, na msomaji wa kwanza ni huyo huyo mdogo wake.

"Nataka mtu asome, aendelee na kazi yake, asikumbuke hata kwamba kuna aliyeandika," anasema.

Anakaa. Anasoma mstari wa kwanza wa herufi inayofuata, anauchukia, anasimama.