Mkono wa Papa kwenye Mnyororo

Asubuhi ile mama alinituma dukani kununua chumvi, nikamwambia nangoja king'ora kwanza. Akacheka. Watoto wote wa kampi ya kiwanda cha sukari, kule bonde la Ruzizi, Kongo, tulikipenda king'ora, lakini mimi nilikipenda kwa majivuno, maana aliyekivuta alikuwa papa yangu, baba mzazi. Alikuwa mtu wa boila, lile tangi la mvuke. Saa ya shifti ikifika, alishika mnyororo wenye mpini wa mbao, akavuta, mvuke ukapanda, na bonde zima likajua la kufanya: amkeni, ingieni, tokeni, nendeni mkale. Mama hakupakua ugali mpaka asikie. "Haya, mume wangu kaanza kelele zake," alikuwa akisema, nasi tunanawa mikono.

Siku ile kililia kama kawaida, watu wakaingia kazini, harufu ya sukari inayochemka ikajaa kampi nzima. Nikaenda kununua chumvi.

Kikalia tena.

Wanawake waliokuwa dukani walisimama na vikapu vyao. Haikuwa saa ya shifti. Mwenye duka alitazama saa, akatazama barabara, akafunga mlango tukiwa ndani, akaufungua tena. Ndipo tukasikia risasi upande wa daraja.

Nilikimbia nyumbani. Mama alikuwa amekwisha kumbeba mdogo wangu mgongoni.

"Papa?"

"Anavuta," mama alisema. "Twende."

Tulipita katikati ya miwa. Majani yake yanakata, lakini sikuyasikia. King'ora hakikunyamaza. Kililia juu ya vichwa vyetu na watu wakazidi kutoka, wa mashambani, wa zahanati, wa shule, kila mmoja amekwisha elewa. Tuliingia kwenye mfereji mkubwa wa maji ya mashamba.

Kikakatika.

Mama alisimama, maji yamemfika kifuani. Akageuka nyuma, akatazama upande wa kiwanda. Kisha akaendelea kutembea.

Tulivuka ziwa, tukaishi kambini Kigoma miaka mingi. Huko ndiko Kiswahili changu kilikonyooshwa, kwa hiyo Wakongo wenzangu msinicheke. Mpaka leo hatujui wenye bunduki walifanya nini ndani ya kiwanda kile. Hakuna aliyerudi kutuambia. Wanawake wa kambini walikuja na mikeka, tayari kukaa chini na mama kama inavyofanywa mtu akifiwa, kulia naye, kumpikia. Mama aliwafukuza! "Sikai chini kwa ajili ya mtu anayetembea," aliwaambia. "Mume wangu ana akili. Amefunga ule mnyororo ukabaki unavuta wenyewe, naye akapita dirishani. Yuko mahali."

Basi papa hakufanyiwa matanga. Mpaka hapa Edmonton, London, mama hakai chini. Hata kwenye matanga ya wengine anadai kiti, na watu wanasema masikini, magoti. Magoti gani? Magoti yake ni mazima kuliko yangu. Akisikia mlango unagongwa, anatengeneza kitambaa chake kichwani. Nimeishi na jambo hilo tangu nikiwa binti mdogo, nami nilikuwa nimekata tamaa ya kulimaliza, mpaka nilipokutana na Mzee Emlyn.

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani, na Mzee Emlyn ni wangu wa Walthamstow, nyuma ya soko lile refu. Siku ya kwanza nilimtengenezea chai, akaitazama, akaniuliza kama nimeyaonyesha maji majani kwa mbali tu. Nikamwambia, mzee, mimi nimetoka kwa watu wa kiwanda, usinichokoze. Akainua kichwa. "Kiwanda gani?" Hapo ndipo urafiki wetu ulipoanza. Tangu siku ile ananiita Sifa bach, yaani Sifa mdogo kwa lugha ya kwao, mimi na miaka yangu na kilo zangu zote!

Kwao ni Wales, mji wa bondeni ambao jina lake ulimi wangu umelikataa mpaka leo. Ulikuwa mji wa chuma cha pua. Jamani, mzee huyu anajua kusimulia! Matanuri yakifunguliwa, mbingu ilikuwa nyekundu hata mtu akaweza kusoma gazeti uani bila taa. Nyumba zilipanda mlima zimeshikana mabega, na vumbi la kiwanda lilitua kwenye nguo zilizoanikwa, wanawake wakafua tena huku wanakitukana kiwanda, na ole wako mgeni ukikitukana pamoja nao. Wanaume waliotoka jasho pamoja mchana waliimba pamoja kwaya jioni. Kisha wenye mali wakafunga. Mitambo ikabomolewa, pakabaki nyasi na duka kubwa, vijana wakatawanyika, naye akamfuata mkewe London. Nilimuuliza alikosa nini zaidi. Nilidhani atasema mshahara.

"King'ora," alisema. "Baada ya kufungwa, hata kanisani watu walianza kuchelewa."

Nilikaa kitandani kwake, jambo ambalo sheria za kazi zinakataza. "Na nyinyi mlikuwa nacho?"

Ee, walikuwa nacho, tena cha mvuke kama chetu. Kikilia nje ya saa, mji mzima ulitoka milangoni, maana yake tanuri limekula mtu. Wanawake walisimama wakitazama msimamizi anapandisha mtaa upi na habari ya msiba, na kila alipoupita mlango, mwenye mlango huo alishukuru na kuona aibu kwa kushukuru. Nikamsimulia chetu. Nilimsimulia papa, mfereji, na mnyororo uliofungwa. Alinisikiliza na kofia yake mkononi.

"Sifa bach," aliniuliza polepole, "kiliishaje?"

"Kiliishaje vipi?"

"Mnyororo ukifungwa, king'ora hulia mpaka mvuke upungue. Sauti inashuka, inazama, inakoroma kama mnyama anayelala. Mkono ukiachia, kinakatika."

Nilishuka kitandani, nikaanza kukunja blanketi lake. Alijua nimejibu.

Nilimpelekea mama maneno hayo kwa uangalifu, nikimpikia chakula anachokipenda. Aliacha kula. "Huyo mzungu wako alikisikia wapi king'ora chetu?" alisema. "Mwambie atunze cha kwao."

Nami nikamwambia Mzee Emlyn hivyohivyo. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akaomba simu. Kumbe wazee wenzake waliobaki kule walikuwa wamekiokoa king'ora chao kwenye vyuma chakavu, wamekitengeneza, wamekiunganishia tangi la hewa, na Jumamosi ile walikuwa wanakwenda kukiliza kwa mara ya kwanza tangu mji ulipofungiwa kazi! Aliongea nao kwa lugha yao muda mrefu. Niliambulia jina langu tu.

Basi Jumamosi! Nyumba yangu ndogo ilijaa. Akina mama wa kwetu walileta sombe ya majani ya mihogo, ndizi na samaki, kila mmoja akidai sufuria yake ndiyo iwekwe mbele. Tulimpandisha Mzee Emlyn ngazi na kiti chake cha magurudumu kwa vifijo kama bwana harusi, maana lifti ilikuwa imeharibika, na akina mama wakampigia vigelegele, naye akaomba warudie. Mama alikaa kwenye kiti chake cha dirishani, kitambaa kipya kichwani. Alisema amekuja sebuleni kwa ajili ya samaki. Binti yangu Neema, mtoto wa London, aliunganisha simu na televisheni.

"Mum, you're shouting," aliniambia.

"Ndiyo, napiga kelele! Leo ni siku ya kelele!"

Wakatokea kwenye skrini, wazee wa makoti mazito mlimani, nyuma yao mji umeshuka hadi bondeni, watu wametoka milangoni, watoto juu ya kuta. Mzee Emlyn alitaja majina yao akilia na kucheka. Mmoja mwenye mashavu mekundu alimwinulia mkono, akasema king'ora kitalia mara mbili, kwa ombi la rafiki yao, na kwa ajili ya mvutaji mwenzao wa bonde lingine. Akalitaja jina la papa. Alilitaja vibaya, lakini alilitaja.

Akavuta kamba ya king'ora, akaifunga kwenye nguzo, akarudi nyuma.

Kililia. Mungu wangu, kililia! Vijiko vilitetemeka mezani. Kisha sauti ikaanza kushuka, ikazama, ikakoroma, ikaisha polepole.

Sote tulimtazama mama.

"Hapana," alisema, akitikisa kichwa kama mpishi mwenye uhakika na chumvi yake. "Chetu hakikuisha hivyo."

Wakajaza hewa tena. Safari hii yule mzee aliishika kamba kwa mkono wake mwenyewe, akavuta. Kililia, kikalia, hakuna aliyepumua. Akaachia.

Kikakatika.

Huko mlimani wazee walikuwa wamevua kofia. Mzee Emlyn naye alivua yake, akaiweka magotini.

Mama alitazama dirishani kwa muda. Kisha akashika mikono ya kiti.

"Ndivyo," alisema. "Nishikeni."

Neema alimshika huku, mimi nikamshika kule. Akashuka taratibu mpaka kwenye zulia, akanyoosha miguu mbele yake, akafungua kitambaa chake kichwani na kukifunga kiunoni. Akina mama wote waliacha viti vyao, wakakaa chini kumzunguka.

Walivuka wa mashambani siku ile, wakavuka wa zahanati na wa shule. Tulivuka sisi. Wengi wamezaa, wana wajukuu. Nimejaribu kulipima hilo na uhai wa mtu mmoja, na sijapata mzani wake.

"Alivuta mpaka tukavuka," mama alisema, na ndipo akaanza kulia.