Siku Nilipopiga Picha Vidole vya Miguu Kule Sange

Nitaanza na aibu yenyewe ili mcheke mapema mmalize: mimi, mwenye diploma ya upigaji picha kutoka Kampala, mwenye studio yangu mwenyewe hapa Uvira yenye pazia la bluu na kiyoyozi (sawa, ni feni, lakini ni feni inayogeuza shingo), nimewahi kufunikwa kitenge kama mwali mbele ya ukoo mzima, nikachaguliwa kuwa bibi arusi, nikapigiwa vigelegele. Video ipo. Najua wengi wenu mnayo kwenye simu, msijifanye.

Mnakumbuka walivyosema nilipoondoka. Majirani walisema Dieudo atarudi na kofia tu. Mwingine akasema mikono yangu inatetemeka, kila picha yangu itatoka kama nchi iko kwenye tetemeko. Lakini aliyewapita wote ni Shangazi Feza, dada ya baba yangu, aliyesimama katikati ya uwanja na kutangaza: "Weye Dieudo, kuku ikilala huwezi kuikamata, sasa njo utakamata bantu ndani ya foto?" Haya. Nilikwenda, nikafagia studio za watu, nikabeba taa za watu, nikasoma jioni macho yakiwaka, nikarudi na diploma yenye muhuri unaong'aa, nikaitundika karibu na mlango mahali ambapo hata mtu anayekuja kuuliza njia lazima aisome.

Sasa wale mnaojua kamera mnivumilie niwaeleze wengine. Lenzi ya kweli ya kupiga vitu vidogo kwa karibu ina bei ya kumfanya mtu akae chini. Lakini kuna ujanja wa mtu mwenye akili na mfuko mwepesi: pete za kurefusha. Ni vipete vitatu vyeusi vinavyofungwa kati ya kamera na lenzi, ndani hamna kioo, hamna chochote, ni hewa tupu. Lenzi ikisogea mbele kidogo, basi unaweza kumkaribia sisimizi mpaka umwone anavyokunja uso. Pete nzuri zina njia za umeme ili kamera na lenzi ziweze kuelewana. Zangu hazikuwa nazo. Zangu niliziagiza kwa simu, kwa bei ya ndagala (dagaa wetu wa ziwani) wa kula wiki moja, zikafika na basi la Bujumbura zimefungwa ndani ya soksi. Soksi moja, bila mwenzake.

Zina ubaya wake: ukishazifunga, kamera inaona kitu kilicho mbele ya pua yake tu, umbali wa kiganja hivi au chini ya hapo. Kingine chote ni ukungu, kama mtu aliyefumbua macho ndani ya maji ya ziwa. Lakini wiki ile ya kwanza nani alijali! Nilipiga jicho la ndagala likatoka kubwa kama sahani ya fedha. Nilipiga chumvi ikatoka majumba. Nilipiga mguu wa mbu, nikautundika studio, na mama mmoja aliyekuja kupiga picha ya kitambulisho akatoka nje akasema hapa mahali kuna mashetani. Nilifurahi kupita kiasi. Nilijiona nimegundua dunia ya pili na ufunguo wake niko nao mfukoni, kwenye soksi.

Ndipo ikaja mahari ya Bahati. Bahati ni mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, kijana mpole aliyempenda Neema wa Sange mpaka akawa anazijua nyumba zote za barabarani kutoka hapa hadi kule. Tatizo lilikuwa baba mkubwa wa Neema, Mzee Sadoki, mwalimu mstaafu, msemaji wa familia, ambaye ilijulikana kwamba aliwahi kuwafukuza wachumba wa binti mwingine kwa sababu mmoja wao alipokea simu wakati yeye anasalimia. Mbuzi zikarudi, vikreti vya soda vikarudi, binti akalia. Kwa hiyo tulipopanda basi dogo asubuhi ile, Bahati alinishika mkono.

"Kaka Dieudo, minye nakuomba kitu moja tu. Piga foto, kisha unyamaze. Usibaelezee diploma."

"Kwani nani anaelezea diploma?" nikamwuliza (nilikuwa na nakala yake kwenye mkoba).

Tulifika Sange, tukaketishwa chini ya turubai, Bahati mbele kwenye kiti chake, suti imembana, mimi pembeni na kamera. Shangazi Feza na wanawake wa upande wetu walibaki nje ya lango, kwa sababu ndiyo desturi: mabinti wa nyumba hutolewa wamefunikwa vitenge kutoka kichwani hadi kwenye vifundo vya miguu, bibi arusi akiwa katikati yao, na shangazi wa bwana arusi ndiye huitwa baadaye aje amtambue kwa kuangalia miguu tu. Akikosea, upande wetu unalipa amande, yaani faini. Na mpaka yeye aingie, hakuna mtu wa upande wa bwana kukanyaga ule mkeka waliosimama mabinti. Hilo nililijua utotoni. Kampala lilinitoka.

Tukangoja. Wenye nyumba hawakuwa na haraka. Mbele yangu palikuwa na chupa ya Fanta, na kwenye mdomo wa chupa akatua nyuki, mguu mmoja ndani ya tone la rangi ya machungwa, jua likipita katikati ya tone lile, na mimi nikasema moyoni: picha moja tu. Hiyo ndiyo sentensi iliyoniua. Nikafungua soksi. Kwa haraka nikafunga pete zote tatu, nikazikaza kwa nguvu za mtu anayefunga gurudumu, nikasogea, nikazuia pumzi, nikabonyeza. Jamani, ile picha! Nywele za nyuki unaweza kuzichana. Nikawaonyesha wa kulia, nikawaonyesha wa kushoto, nikamwonyesha hata mpishi.

Ngoma ikalia. Nikazungusha pete nizitoe. Hazikutoka. Nikabonyeza kitufe, nikazungusha tena, nikatumia leso, nikatumia magoti, nikatumia (Mungu anisamehe) meno. Zilikuwa zimeshikana na kamera kama zimechomelewa. Na kamera nyingine sikuwa nayo. Nikainua macho, mabinti walikuwa wanatoka nyumbani kwa mwendo wa polepole, watano, vitenge vinang'aa, wanawake wanaimba, Bahati ananitazama kwa macho ya kusema piga, piga, na mimi nikitazama ndani ya kamera naona tu uji wa rangi.

Mtu mwingine angesema ukweli. Angeinama akamnong'oneza mtu amwazime simu, mambo yakaisha. Lakini mimi nina diploma. Nikajiambia, kama kamera haioni mbali basi nitaenda karibu, na kwa kuwa kila kitu kimefunikwa isipokuwa miguu, nitapiga miguu, nitasema ndio mtindo wa sasa. Nikapiga magoti, nikaingia kwenye mkeka.

Mnajua unavyotafuta ukali wa picha ukiwa na pete hizi? Hugeuzi kitu, unasogeza mwili wako mwenyewe, mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele, nyuma. Kwa hiyo waliokuwa chini ya turubai walichokiona ni mwanaume mzima mwenye tai, makalio juu, akidonoa mbele ya miguu ya mabinti kama kuku. Mwanga ulikuwa mdogo, nikainua pindo la kitenge kidogo, upana wa kidole tu, nikasogea tena, na lenzi ikagusa kidole gumba cha yule wa pembeni.

"Mama weee! Kintu ya baridi! Kintu inaniramba!"

Akaruka. Aliporuka akamwangukia wa pili, wa pili akamshika wa tatu, wote wakashikana na kuyumba kama mgomba kwenye upepo, vitenge vikitaka kufunguka, wanawake wakapiga kelele na kukimbilia kuwashika, na katikati ya yote sauti moja ikasimama.

"Nyamazeni!"

Mzee Sadoki. Akaja mpaka juu yangu. Mimi bado nipo chini.

"Huyu kijana iko ya upande gani?"

"Ya upande wa bwana," wakajibu watu wote kwa furaha kubwa.

"Anatafuta nini pa miguu ya batoto yetu mbele shangazi yake aingie? Leta hiyo mashini."

Nikampa. Akavaa miwani, akatazama kioo cha nyuma. "Hii ni nini? Ni muhogo?"

"Hapana, mzee. Ni kidole gumba."

"Kidole gumba." Akabonyeza. "Na hii?"

"Nyuki, mzee."

"Bakwe zangu," akawageukia wazee wetu, "mumetuletea mutu wa kupiga foto ya nyuki?"

Nikaona nijitetee. "Mzee, huu ni mtindo wa kisasa, mimi nina diploma ya..."

Bahati akafumba macho.

"Diploma ya vidole?" akauliza Mzee Sadoki, na turubai lote likacheka, lakini yeye hakucheka, na hapo nikaogopa. Akasema taratibu kwamba upande wa bwana wametuma mpelelezi, kwamba nyumba yake si mahali pa kuchezewa, na kwamba mbuzi zetu bado zimefungwa kamba, zinaweza kurudi Uvira bila shida. Wazee wetu wakasimama wakaomba. Akatikisa kichwa. Nikamwona Bahati ameshika magoti yake kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye mtumbwi unaoingia maji, na kitenge kimoja kati ya vile vitano kilikuwa kinatetemeka, na sasa kila mtu angeweza kumtambua Neema bila shangazi.

Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyetoka jikoni akifuta mikono kwenye kikwembe chake. "Mzee," akasema, "kama huyu anapendaka miguu ya babinti vile, si akae nabo?"

Kicheko kikatoka nyuma. Mzee Sadoki akafikiri, akanitazama, akasema: "Hiyo njo amande. Akikubali, tunaendelea. Akikataa, muchukue mbuzi zenu."

Ndugu zangu, nilitazama tai yangu. Nilifikiria studio, pazia, muhuri unaong'aa. Nikamtazama Bahati, ambaye hakusema kitu, na nafikiri angesema chochote ningekataa. Nikavua viatu.

Walinipakaa mafuta miguuni. Walinikunja suruali hadi magotini. Miguu yangu ni midogo, haina nywele, nimeirithi kwa mama, na mabinti wale (waliokuwa wamelia, sasa wanakufa kwa kucheka) walinipa sandali zenye shanga zikanitosha vizuri kuliko nilivyopenda. Nikafunikwa. Tukawa sita. Kisha lango likafunguliwa na Shangazi Feza akaingia na wanawake wetu akiimba, hajui lolote, kelele alizisikia akadhani ni furaha.

Nikasikia anakuja. "Hii... hapana, kisigino imepasuka, hii inalimaka mupunga. Hii kidole imerefuka sana, ni ya kiburi." Akafika kwangu. Akasimama. Nikaona ncha za viatu vyake zikigeuka kuelekea kwangu.

"Angalieni! Angalieni miguu laini! Hii haijashikaka jembe, hii ni ya binti ya kusoma! Bahati, mutoto wangu, hii njo yetu!"

Wanawake wetu wakapasua anga kwa vigelegele. Mmoja akaniwekea kanga mabegani. Shangazi akanishika mikono, akacheza mbele yangu, akanizunguka, kisha kwa heshima zote akainua kitenge.

Tukatazamana.

"Dieudo?"

"Shangazi."

Akanitazama sandali, akanitazama uso. "Kumbe njo diploma uliyokuwa unasoma kule?"

Mzee Sadoki ndiye aliyeanguka kwanza. Alicheka mpaka akavua miwani, akashika nguzo ya turubai, akawaita wazee wetu ndugu zake, akasema katika maisha yake yote hajawahi kuona bakwe wanaokuja kumchumbia mpiga picha wao wenyewe. Shangazi akalipishwa kreti ya Fanta kwa kosa lake, akarudi kwenye mstari, akampata Neema, Bahati akalia mbele za watu, mbuzi zikafunguliwa zikapelekwa nyuma ya nyumba. Na ndani ya basi la kurudi, nimenuna dirishani, nikazigusa zile pete bila hata nguvu, zikatoka zenyewe.

Siku ya pili Bahati akaja kuuliza picha. Nilikuwa na nyuki. Nilikuwa na kidole gumba. Nilikuwa na nyusi moja ya Mzee Sadoki, aliyojipiga bila kujua alipokuwa akibonyeza vitufe, nzuri sana, kama msitu. Basi nikaanza kuzunguka kuomba kwa wageni picha za simu zao, Sange, Kiliba, Mulongwe, na kila mmoja alinicheka kwanza, kisha akaniazima kwa sharti: nitamlipa kwa picha ya studio, yeye na watoto, bila malipo. Nililipa miezi. Nilipiga mapacha wanaong'atana, nilipiga mzee na redio yake, nilipiga yule mama wa jikoni mara tatu kwa sababu hakupenda kidevu. Na pazia langu la bluu sasa linajulikana hadi Katogota, jambo ambalo watu wa tetemeko hawalitaji. Ila nimejiapiza: siingizi tena kitu ndani ya kitu kabla sijajifunza kukitoa, na kazi ya watu siifanyi tena na chombo nilichokizoea kwa sisimizi.

Wa mwisho kulipwa alikuwa Shangazi Feza, kwa sababu picha ya Neema akifunuliwa, ile iliyo bora kuliko zote, ilitoka kwenye simu yake iliyopasuka kioo. Alikuja Jumapili na ukoo wote, akawapanga ufukweni, milima nyuma yao, akanielekeza kwa kidole majini.

"Minye sitaki unikaribie. Piga kutoka mbali."

Nikarudi nyuma. Maji yakaingia viatuni, yakafika magotini, na kwenye kamera walikuwa wote, kila uso, kila kitenge, hata Neema na tumbo lake, wamesimama wakali kama wembe. Nikabonyeza, nikapiga kelele kwamba deni limekwisha.

"Bado!" akaita Shangazi. "Rudia tena nyuma!"

Nikarudi.