Sweta la Kanisa Kuu

Nyumba ya bibi ilinuka sufu iliyolowa. Si harufu ya kusifiwa, maana sufu ikilowa hunuka kondoo hata kama imeshapita kiwandani na kuvaliwa na Mzungu miaka kumi, lakini mimi nikiisikia mahali mpaka leo naacha ninachofanya. Siku ya soko bibi aliteremka Tengeru kununua masweta ya mitumba, yale makubwa yaliyotoboka viwiko ambayo wateja wengine waliyapita. Aliyafumua polepole, akaufua uzi kwa sabuni ya mche, kisha akauning'iniza juu ya meko ukiwa umefungiwa jiwe ili unyooke. Chini yake chungu cha makande kilichemka tangu asubuhi. Nje ukungu wa Mlima Meru ulikuwa umekalia migomba, na kwa jirani, kwenye mashine ya kumenyea kahawa, ilitoka harufu ya maganda yaliyoanza kuchacha. Nilikuwa darasa la nne. Wazazi wangu walikuwa wakihangaika na kazi mjini Arusha, na mimi nilikabidhiwa kwa bibi mpaka wapate nyumba ya kutosha.

Mwaka huo kwaya ya akina mama ya usharika wetu ilialikwa kuimba Dar es Salaam, katika lile kanisa kuu la Kilutheri lililojengwa na Wajerumani karibu na bandari. Safari ilipangwa iwe Desemba, kahawa ikishamalizika kuchumwa. Sidhani kama kuna harusi iliyowahi kupangwa kwa bidii kama safari ile. Kila Jumapili baada ya ibada walikaa kwenye nyasi nyuma ya kanisa wakajadili kitenge cha sare, nani abebe ndizi za kuchoma njiani, nani atabaki kukamua ng'ombe wa nani. Mjadala wa kitenge peke yake ulikula mwezi mzima. Bibi alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili, na aliomba ruhusa kwa mchungaji nami niende, nikae miguuni pake kwenye basi. Mchungaji alikubali. Sikulala vizuri wiki nzima kwa furaha.

Katika mambo yote ya kanisa kuu, bibi ndiye aliyekuwa mjuzi. Hakuwahi kufika Dar es Salaam, wala hakuwahi kuvuka Moshi, lakini ukutani kwake ilitundikwa kalenda ya kanisa yenye picha ya lile jengo, mnara wake na paa lake la vigae vyekundu. Mwaka wa kalenda hiyo ulikuwa umepita zamani sana na moshi ulikuwa umeigeuza rangi ya chai, ila hakuna aliyethubutu kuiondoa. Na zaidi ya picha, alikuwa na habari kutoka kwa baba yake. Baba yake alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi wakati wa vita ile ya kwanza ya Wazungu, akatembea kwa miguu nchi nzima, na mwisho akajikuta Dar es Salaam, amekonda, hamjui mtu. Siku moja mchana alikuta mlango wa kanisa uko wazi akaingia, akaketi benchi la mwisho. Humo ndani, alimwambia binti yake, baridi ilimpokea. Ilikuwa baridi ya mlimani, ya alfajiri, ile unayoikuta ukifungua mlango kwenda kukamua. Alikaa akalia, na hapo ndipo alipojua kwamba atarudi nyumbani. Bibi alinisimulia hayo mara nyingi kiasi kwamba nilikuwa naweza kumtangulia maneno, na kila mara alisimulia kama kitu kilichotokea juzi.

Basi ikawa hivi: kama kanisa letu dogo la mawe lilikuwa linatutetemesha mwezi wa saba mpaka meno yanagongana wakati wa mahubiri, lile kubwa la Dar es Salaam, lenye mawe mengi zaidi na ushahidi wa baba yake juu, lingekuwaje? Bibi alilisema hilo kikaoni na hakuna aliyembishia. Watu wa mlimani tunajua kitu kimoja kuhusu kanisa, kwamba ni mahali pa baridi. Ikaamuliwa kwamba juu ya kitenge kila mama avae sweta la rangi ya kahawia, afume mwenyewe. Akina mama kumi na wanane walianza kufuma masweta ya kwenda kuvaa Dar es Salaam mwezi wa Desemba. Walifuma wakisubiri maziwa yapimwe, walifuma wakienda sokoni na kikapu kichwani, kwa sindano zilizochongwa kutokana na spoku za baiskeli. La bibi lilikwisha mapema. Akaanza la kwangu, na kila jioni alinisimamisha mbele ya moto kunipima mabega, akilalamika kwamba nakua kwa makusudi ili kumharibia hesabu.

Sasa niseme jinsi nilivyokuwa. Nilikuwa mtoto wa kimbelembele. Nilipenda kujua kitu kabla ya wengine, na nikishakijua hakikai tumboni. Leo ni mwalimu wa shule ya msingi, nalipwa mshahara kwa kuwasahihisha watu, lakini wakati ule nilifanya kazi hiyo bure. Likizo fupi ya mwezi wa tisa alikuja binamu yangu Rehema, ambaye alikuwa amekwenda kwa mjomba wake Dar es Salaam. Alinieleza kwamba kule watu wanaoga mara tatu kwa siku, wanalala madirisha wazi, na kwamba sweta lake alilifungia kwenye sanduku tangu siku aliyofika mpaka siku aliyoondoka. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Sikufikiria masweta kumi na manane yatakuwaje wala mwenye wazo atajisikiaje. Niliona tu kwamba nimepata kitu ambacho watu wazima hawakijui.

Siku ya pili akina mama walikuwa uani kwetu wamezunguka vichanja vya kahawa, wanachambua punje mbovu na kuimba polepole wimbo wa safari. Kuwapinga watu wazima mbele ya wenzao ni kosa ambalo kwetu mtoto alilijua kabla hajajua kuhesabu. Nilisubiri wimbo uishe, nikasema kwa sauti ya darasani, "Bibi, Rehema anasema Dar hakuna baridi hata kidogo. Mkivaa masweta watawacheka."

Mmoja akauliza Rehema ameyajulia wapi, nami nikaeleza yote, madirisha, kuoga mara tatu, sanduku. Kisha mtu akacheka, na wote wakafuata, hata bibi. Kicheko kingekwisha salama kama si Mama Anaeli. Mama Anaeli alikuwa jirani yetu wa mpaka mmoja, rafiki wa bibi tangu usichana, na mdomo wake haukuwa na kizuizi. Alijifuta machozi ya kucheka akasema, "Kumbe baba yako hakufika huko. Alikutungia tu." Bibi aliendelea kuchambua kahawa. Niliona vidole vyake vinatupa punje nzima pamoja na mbovu.

Jioni ile hakunipima mabega. Sweta langu lilikuwa limebaki mkono mmoja tu. Alilikunja na sindano zake ndani, akaliweka sandukuni chini ya khanga. Hakunikemea hata neno moja. Ningepigwa ningelisahau jambo lile zamani. Jumapili iliyofuata alisema goti linamsumbua, na iliyofuata tena akasema goti, na ilipofika Novemba kila mtu alijua kwamba goti haliendi Dar es Salaam. Mama mmoja alijitolea kunichukua mimi. Nilisema siendi bila bibi, na bibi akaniambia kwamba tutakwenda sisi wawili mwaka mwingine, taratibu, bila kelele za watu. Siku kwaya ilipoondoka tulisimama barabarani tukapunga mikono. Kitenge kilikuwa cha bluu, kizuri sana. Hakuna aliyebeba sweta.

Walirudi baada ya wiki moja. Kesho yake asubuhi nilimwona Mama Anaeli akipita katikati ya migomba kuja kwetu, peke yake, ameshika jani la isale. Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya mashamba, na mtu akikujia na jani lake mkononi amekuja kuomba msamaha, nawe huwezi kumfukuza. Bibi aliniambia niende nikachote maji. Niliporudi mgeni alikuwa ameondoka na jani lilikuwa limechomekwa nyuma ya kalenda, juu ya mnara wa kanisa kuu. Nilipouliza, bibi alisema mbuzi wa Mama Anaeli walikuwa wamekula migomba michanga. Sikuona mgomba wowote ulioliwa, lakini kwa mara ya kwanza maishani sikuuliza zaidi.

Mwaka mwingine haukufika. Goti ambalo lilianza kama kisingizio lilikuja kuwa goti la kweli, kisha ukaja mguu mzima, na bibi alifariki nikiwa kidato cha pili. Mimi nilipewa sanduku lake. Baadaye nilisoma chuo Dar es Salaam miaka mitatu na nikapita mbele ya kanisa kuu lile mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, nikitokwa na jasho, na kila tone la jasho lilinihakikishia kwamba nilisema kweli siku ile uani. Sikuingia. Nilijiambia sina muda, nilijiambia lina watalii. Ukweli ni kwamba niliogopa kukuta ndani ni joto kama nje, na kwamba babu yule alimdanganya mtoto wake, na kwamba mimi ndiye niliyemfumbulia bibi uongo huo.

Mwaka huu binti yangu Neema, ambaye ana miaka tisa, aliona picha ya kanisa hilo kwenye kitabu cha shule akasema anataka kuliona. Kupanga safari siku hizi hakuchukui hata nusu saa. Tulikaa sebuleni kwetu Lemara, mjini Arusha, akachagua viti vya basi kwenye simu yangu, akaangalia na hali ya hewa, tukamaliza. Hakuna kikao, hakuna kitenge cha kubishania, hakuna mtu aliyeniuliza nani atakamua ng'ombe. Nilibaki nimeshika simu nikiwakumbuka akina mama kumi na wanane kwenye nyasi nyuma ya kanisa, na nikajisikia mpweke kwa namna ambayo sikuitarajia. Nilijua wengi wao hawapo. Mama Anaeli yupo. Jumamosi nilikwenda kumwona, nikiwa na kilo mbili za sukari na swali lisilo na umbo.

Nilimkuta barazani amefunikwa blanketi. Nilimwamkia shikamoo, akanijua kwa sauti kabla ya uso. Nilipomwambia kwamba nampeleka Neema kwenye kanisa kuu aliniuliza kama nilishawahi kuingia. Nikasema hapana.

"Siku ile jua lilikuwa kali, kitenge kimenishika mgongoni kwa jasho," alisema. "Tukaingia. Mwanangu, baridi ilinipokea. Ukuta ule mnene, na kule juu kunapita upepo. Ilikuwa baridi ya huku kwetu kabisa. Wimbo wa kwanza sikuweza kuimba, nilikuwa namfikiria bibi yako na baba yake."

Nilimuuliza kama ndiyo maana alikuja na isale. Akasema ndiyo, alikuwa amemkosea marehemu baba yake bibi, na kumkosea marehemu mbele ya watu ni kazi kubwa kuirudisha. Bibi alimsamehe kabla hajakaa. Nikauliza kwa nini basi mimi sikuambiwa, miaka yote ile bibi alipokuwa hai.

"Alinikataza," alisema Mama Anaeli. "Alisema, mtoto akijua baba yangu alisema kweli, atajua ni yeye aliyenikosesha safari. Mwache abaki na kweli yake. Hata sweta nilimwambia alimalizie, akasema nikilishika tena mtoto ataniuliza."

Nililia pale barazani, mtu mzima, mwalimu, na mama mzee akanishika mkono. Nililia kwa uchungu na kwa kumtamani bibi, anipime mabega hata mara moja tu. Alikuwa amerudishiwa baba yake kwa jani la isale, na furaha hiyo aliificha nyuma ya kalenda ili nisiumie.

Jana usiku tulipanga nguo. Neema aliweka magauni mepesi na kofia. Mimi nilitoa sandukuni sweta la kahawia lenye mkono mmoja, sindano za spoku bado zimo kwenye ukingo wa ule mwingine, nikazichomoa na kufunga uzi usifumuke. Nilimpima. Lilimkaa sawasawa mabegani.

"Mama, Dar hakuna baridi," alisema, kwa sauti ninayoifahamu.

Nilimwambia ni kweli, nje hakuna, na nikalikunja nikaliweka juu ya magauni yake.