Maneno ya Mlangoni

Mdogo wangu anaongoza watalii, na kipaji anacho, siwezi kumnyima hilo. Anashika mwavuli wa rangi ya machungwa, anawatembeza wageni kwa miguu katikati ya jiji la Durban kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita, kila Alhamisi na kila Jumamosi, na wakimaliza wanamkumbatia. Niliambiwa wengine hulia. Sasa najua kilichokuwa kinawaliza, na hadi leo nikiona mwavuli wa rangi ile mtaani mikono inaniwasha.

Mama yetu alikufa Jumatatu. Matanga tuliyakalia chini, kwenye maegesho ya jengo letu pale Albert Park, kwa sababu chumba cha ghorofa ya saba hakiwezi kubeba ukoo na kanisa kwa pamoja. Viti vya kukodi, masufuria, wanawake tumevaa kitenge kimoja, nyimbo tangu asubuhi. Wakongo wa Durban tumepoteza mengi ila kuliliana hatujasahau. Mazishi yakapangwa Alhamisi. Gari la maiti lingemleta mama saa sita mchana, akae nasi saa moja tu, kisha kanisani, kisha makaburini.

Sisi watu wa milimani juu ya ziwa hatumwingizi maiti kwake kimyakimya. Jeneza linasimamishwa mlangoni na mtoto wa kiume anaongea nalo. Anamwita mama yake, anamwambia amefika, anamtajia waliomngoja, kisha anampa neno la kumsindikiza. Tunaamini hilo ndilo la mwisho analolisikia. Baada ya hapo ni wa upande wa pili, umwite usimwite. Kwa hiyo neno lenyewe linatafutwa, linapimwa, wazee wanaulizwa. Mama alikuwa na mtoto wa kiume mmoja tu.

Alhamisi saa mbili na nusu nikatazama mkekani, bwana hayupo.

Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa anasimamia kilio. Akaniita pembeni. "Ndugu yako iko wapi?"

"Sijui, mjomba."

"Unajua. Nenda umulete. Usirudi bila yeye."

Nilijua, kweli. Nikampigia simu, akakata. Nikapiga tena, akakata. Basi nikaondoka nilivyo, kitenge cha msiba, kitambaa kichwani, kandambili miguuni, macho yamevimba, nikapanda mpaka City Hall. Nikamkuta mbele ya ngazi, mwavuli juu, shati jeupe limenyooka. Yaani siku ya kumzika mama yake mtu ameamka, amechomeka pasi, amenyoosha shati! Mbele yake wageni wanane wenye kofia na chupa za maji.

"Yaya," akaninong'oneza huku bado anawatabasamia wao, "usinifanyie hivi. Nikikosa leo wananitoa, iko mwingine anangojea nafasi yangu. Tembea na sisi. Tunaishia Albert Park, si unajua? Saa sita niko mlangoni. Nakuapia."

Ningemshika kola pale pale. Lakini mama hakupenda tugombane mbele za watu, na alikuwa hajazikwa hata. Nikajiunga na kundi. Yeye akawageukia wageni wake akasema kwa Kiingereza chake kile cha asali, "Leo tumebahatika, tunaye mama mmoja wa jamii ya Wakongo, atatembea nasi."

Mama mmoja! Mimi yaya, dada yake wa tumbo moja, niliyemfuta makamasi.

Hivyo ndivyo nilivyotembezwa katika jiji ninaloishi kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa. Saluni ninayosukia nywele iko mitaa miwili kutoka pale na sikuwahi kuinua kichwa kutazama lile kuba la City Hall. Kumbe jengo lenyewe limeigwa. Mdogo wangu aliwaeleza kwamba waliolijenga walitamani la Belfast, kule Ireland, wakajenga pacha wake huku kwenye joto. Mzee mmoja mwenye uso mwekundu akacheka kwa sauti. "Hili ni letu!" akasema. "Ninapanda basi mbele yake kila siku!" Alikuwa anatoka huko huko Belfast, yeye na mkewe. Akaenda akaugusa ukuta, akarudi akitikisa kichwa. Kila mtu akafurahi, mimi nikatazama saa.

Tukaenda. Posta ya zamani, simama, hadithi. Sanamu, simama, hadithi. Roboti, yaani taa ya barabarani, ikiwaka nyekundu, hadithi fupi. Alikuwa anawapanga barabarani vizuri, anawangoja wazee, anawakumbusha wafunge mikoba. Kama nisingekuwa na hasira ningejivunia. Mama alijivunia. Aliwaambia majirani wote, kuanzia mlinzi hadi mama anayeuza maandazi chini, "Mwanangu anawasimulia wazungu habari zetu." Alikuwa amemwomba zaidi ya mara moja amchukue siku moja naye amsikie akisema. Yeye akajibu, "Mama, magoti yako." Mama akakubali, maana magoti yalimuuma kweli.

Yule mke wa mzee akawa anatembea nami. Akashika pindo la kitenge changu kwa vidole viwili. "Kitambaa kizuri sana," akasema. "Leo kuna sherehe?"

Nikasema asante. Ningesema nini?

Akaendelea kupiga soga, mama wa watu, hana ubaya. Akaniambia kwao nako kuna matembezi ya namna hii, yanapita mtaani kwao, wanaonyesha ukuta ambako shemeji yake aliuawa zamani za vurugu. Mwongozaji anasimama pale na kundi lake anaeleza, na anakosea jina. Siku moja mumewe alifungua dirisha la juu akawamwagia beseni la maji. Akacheka alipolisema, kisha akaacha kucheka. "Lakini kijana wenu huyu ni tofauti," akaniambia. "Huyu anasema ya kwake mwenyewe."

Tulipofika Embankment, kwenye mabenchi yanayotazama bandari, mdogo wangu akawaketisha. Akanijia. "Yaya, kuna duka pale ng'ambo. Tafadhali waletee maji."

"Chupa zao zimejaa."

"Basi jinunulie wewe. Umechoka."

"Sijachoka."

Akanitazama. Ninayajua macho yale, ndiyo aliyokuwa nayo utotoni akivunja kikombe. Nikajua kuna kitu. Nikaketi mwisho wa benchi, nikakunja mikono.

Akaanza. Aliwaambia jinsi tulivyokimbia, usiku, milima, mvua. Kweli tupu. Jinsi tulivyofika ziwani tukangoja mtumbwi siku mbili. Kweli. Kisha akashusha sauti, akafunga mwavuli, akauweka magotini. Akasema mama yake alikuwa anaumwa, na asubuhi ya tatu hakuamka. Akasema alimfukia mwenyewe, kwa mikono, kwenye mchanga wa ziwa, akiwa na miaka saba. Akawaonyesha mikono. Akasema hadi leo kila anapoona maji anamsikia akimwita.

Wanawake wawili walikuwa wanafuta machozi. Yule mzee wa Belfast aliinama akatazama viatu vyake.

Mungu wangu! Mama yangu aliyevuka ziwa lile akiwa amembeba mbwa huyu mgongoni! Aliyefua nguo za watu Nairobi, akapika chapati Lusaka, akalala chini ya meza sokoni hapa hapa Durban ili yeye aende shule akajifunze Kiingereza hicho anachomfukia nacho! Nikahesabu kichwani. Miaka miwili ya kazi hii, Alhamisi na Jumamosi. Mara mia mbili amemuua, halafu akapanda lifti akala ugali wake.

Walipoinuka nikamfuata ubavuni. Tuliongea Kiswahili, naye akitabasamu muda wote kwa sababu wageni walikuwa wanatuona.

"Alikufa lini?" nikamuuliza.

"Yaya, ni hadithi tu."

"Nimekuuliza, alikufa lini?"

"Watu wanataka hadithi yenye mwisho. Nikisema tulifika wote salama, mama iko juu anatazama televisheni, nani atalia? Hakuna aliyeumia. Yeye mwenyewe hakujua."

"Ndiyo maana ukamwambia, mama, magoti yako."

Tabasamu lilibaki pale pale kama limegandishwa. Kila Alhamisi alikuwa anapita na watu chini ya dirisha letu, na mama juu, mzima, pengine ameegemea kizingiti anamtafuta kwa macho.

"Leo utawaambia," nikasema.

"Leo nitafanya yangu mlangoni, kama mtoto. Waache hawa waende kwanza. Dakika tano tu, nitawaaga kwenye kona."

Hakupata dakika tano. Dereva wa gari la maiti alikuwa na mazishi mengine mawili siku hiyo, akawahi. Tulipokata kona tu tukaliona limesimama, milango ya nyuma wazi, na watu wetu wote wamemwagika hadi barabarani. Lifti yetu haichukui jeneza, kwa hiyo mjomba alikuwa amekwisha amua kwamba lango la maegesho ndilo mlango wa mama. Kitenge changu kile kile kikawa kimejaa mtaa mzima. Wageni wakakitazama, wakanitazama mimi. Mke wa mzee akaweka mkono mdomoni.

Vijana wa kanisa walilishusha jeneza wakalisimamisha langoni. Nyimbo zikakoma. Mjomba akaangaza huku na huku, akamwona mdogo wangu, akamwita kwa mkono. Njoo.

Na hapo hapo, yule mzee wa Belfast akavua kofia. Watu wa kwao wanaujua msiba wakiuona, hilo lazima niseme. Akamuuliza mdogo wangu kwa upole, "Nani amefariki, mwanangu?"

Nilikuwa hatua moja nyuma yao. Nilimwona akifungua kinywa. Nilimwona akiwatazama wale watu wanane waliomlilia nusu saa iliyopita. Mjomba bado ameinua mkono. Jeneza linangoja. Bado ningemsamehe. Angesema neno moja la kweli pale, yale ya mia mbili ningeyameza.

"Jirani," akasema.

Sikumbuki kutembea. Nakumbuka ubao wa jeneza ulikuwa wa moto kwa jua nilipouwekea kiganja. Mjomba akanong'ona, "Si wewe, mwanangu, mungojee ndugu yako." Wazee wakaguna, mwanamke haongei mlangoni. Wagune! Nikapaza sauti, sauti ya mwanamke wa sokoni, kila dirisha la mtaa ule likasikia.

"Mama! Umefika. Ni mimi. Kaka yako iko hapa, kanisa iko hapa, majirani wako wote iko hapa. Na mtoto wako wa kiume yule pale, na mwavuli wake. Miaka miwili anawaambia wageni ulikufa ziwani, alikufukia kwenye mchanga. Leo wamemuuliza ni nani amelala humu. Amesema ni jirani."

Mwavuli ulianguka. Alikuja mbio, akapita katikati ya wageni wake, akaanguka juu ya jeneza na shati lake jeupe, anaita mama, mama, mama, anataka kusema, anatafuta neno. Mjomba akamshika bega akamwinua. Alikuwa analia, mjomba, lakini sauti yake haikutetemeka.

"Imekwisha," akamwambia. "Limeshasemwa."

Vijana wakainua jeneza wakaingia nalo. Nilifurahi, sitaki kudanganya. Nilimpita pale alipopiga magoti nikafurahi kwa kila mfupa wangu. Wageni walikuwa wamesimama ng'ambo ya barabara na kofia zao mikononi, hawajui waende wapi bila mwavuli, na hata hilo nililifurahia.

Furaha ile ilinichukua hadi kwenye mkeka. Nikaketi kichwani pa mama, wanawake wakaanza tena kuimba, na kifuniko kikafunguliwa ili tumwone. Uso wake ulikuwa umetulia. Mama alikufa Jumatatu akiamini kwamba mwanawe anawasimulia wazungu habari zake kwa sifa. Katika dunia nzima hakubaki mtu wa kumwambia vinginevyo ila mimi. Ningeweza kumwacha aende hivyo. Nilikuwa na neno moja la mwisho la kumpa, na hilo ndilo nililompa.