Mita ya Jengo Tupu

Tulilinunua lile jengo la Mtendeni, mjini Tabora, masika yanaisha, kwa kiinua mgongo cha mume wangu aliyestaafu reli na akiba yangu ya kushona sare za shule kule Urambo. Lilikuwa jengo la enzi za misafara, kuta zake za udongo nene kiasi kwamba mtu mzima angeweza kukaa ndani ya dirisha akakunja na miguu. Mbele duka, nyuma ghala refu lisilo na kitu. Nilipoingia mara ya kwanza niliona tayari vyerehani vyangu vimepangwa safu mbili na mafundi wangu wameinama, wanashona. Sikuuliza kwa nini jengo zuri namna ile, mahali pa biashara, lilikaa limefungwa miaka minne.

Aliyetuuzia alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini ya mtu asiyezoea kurudia neno. Alilirithi kwa baba yake. Ofisini kwa mwanasheria alitoa risiti ya umeme ya mwezi uliotangulia, akaiweka juu ya mkataba na kuilaza kwa kiganja.

"Hakuna deni hata la senti moja, dada yangu," alisema. "Umeme wa njia tatu, wa biashara. Ukija na mashine zako ni kuwasha tu."

Mume wangu aliikagua risiti mbele na nyuma. Ilikuwa halali.

Hatukuhamia mara moja. Paa lilivuja, nami nilikuwa na oda za shule za kumaliza kabla ya muhula kufunguliwa. Tukafunga milango kwa kufuli mpya, tukarudi Urambo. Baada ya miezi miwili nilikwenda kumwonyesha fundi paa, nikakuta karatasi mbili zimesukumwa chini ya mlango. Ya kwanza ilikuwa bili ya umeme. Ya pili ilikuwa bili nyingine, pamoja na onyo la kukatiwa. Nilisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa kizingitini. Fedha ile ingeninunulia vyerehani vinne vipya.

Nilidhani ni deni la zamani lililochelewa kufika. Nikaangalia tarehe. Zilikuwa tarehe zetu. Miezi ile ile miwili ambayo jengo lilikuwa limefungwa, funguo ziko kwenye mkoba wangu.

Ofisi ya umeme nilipokewa na binti wa umri wa mwanangu wa kwanza. Aliniamkia, nikaitikia marahaba, nikamweleza. Alitazama kompyuta yake muda mrefu.

"Bili hizi hazikukisiwa, mama. Msoma mita alifika, akapiga na picha kupitia dirisha la ghala."

"Jengo ni tupu, mwanangu. Hakuna hata balbu."

"Jengo lako linakula umeme kama shule ya bweni." Akainamisha kichwa, akashusha sauti. "Mama, mnafanya nini mle ndani?"

Nimeshika chaki ya fundi cherehani tangu nikiwa msichana. Nimewahi kudaiwa, nimewahi kudanganywa. Kutazamwa kama mwizi ilikuwa mara yangu ya kwanza, na nilitoka pale nimeukumbatia mkoba wangu kana kwamba kweli nimeiba.

Nikarudi moja kwa moja kwenye jengo. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali. Mita ilikuwa ghalani, mkabala na dirisha, juu ya ubao mweusi, na chini yake swichi kuu. Nilizima swichi. Nikasogeza uso karibu. Kile kitaa chekundu cha mita kiliendelea kupepesa, haraka haraka, bila kupumzika. Nikawasha, nikazima tena. Hakikujali. Nilisimama pale peke yangu, na kwa mara ya kwanza nikajisikia kwamba mle ndani mimi ndiye mgeni. Nikaweka kiganja ukutani, pembeni ya ubao. Kuta zile za udongo huwa baridi hata mwezi wa kumi. Pale palikuwa na joto, kama paji la uso la mtoto mwenye homa.

Jioni ile ile, kabla jua halijazama, simu yangu ililia. Alikuwa yule aliyetuuzia.

"Dada yangu, nasikia ulikwenda ofisi ya umeme."

"Nani kakwambia?"

"Mji mdogo huu. Ungeniuliza mimi kwanza. Hizo mita za zamani zina wazimu wake. Lipa hiyo kidogo, mimi nitakurudishia. Usiwaingize watu ndani ya nyumba yako."

Alisema kwa upole ule ule. Nilipomsimulia mume wangu aliweka kijiko chini, hakuendelea kula.

"Tuuze," alisema.

"Tumuuzie nani nyumba yenye deni?"

"Yeye alimpata wa kumuuzia."

Hapo tulitazamana.

Nilimtafuta fundi umeme, mzee anayeheshimika mjini, aliyewahi kufunga nyaya kwenye nusu ya maduka ya Tabora. Nilimwamkia, akaniita mwanangu, akaingia na begi lake la vifaa akiimba wimbo wa kanisani. Alizima swichi kuu, akatazama kitaa. Wimbo ukakoma. Alifungua ubao, akapapasa nyuma yake, kisha akaanza kufuata ukuta kwa ncha za vidole, polepole, akichora alama za chaki: kutoka kwenye mita, chini hadi sakafuni, kuelekea ukuta wa nyuma. Pale alisimama, akasikiliza. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na ua wa kupasulia mbao. Misumeno yake ililia kutwa, na mimi nilikwisha izoea kama watu wanavyozoea kelele za jirani. Ua ule ulikuwa na nguzo yake na waya wake, kwa hiyo sikuwahi kuutilia shaka.

Mzee akaanza kurudisha bisibisi moja moja kwenye begi.

"Umeona nini, mzee wangu?"

"Mwanangu, kazi hii siifanyi."

"Niambie basi umeona nini."

"Mimi nina wajukuu hapa mjini," alisema, akanirudishia fedha ya usumbufu niliyomtangulizia. Mlangoni aligeuka, akarudi, akafuta zile alama za chaki kwa kiatu na kwa mkono mpaka zikapotea zote.

Nilitaka kulia. Badala yake nilikaa kwenye ngazi nikifikiri. Alama zake zilinionyesha kuna waya chini ya sakafu unaoelekea uani. Nikiufukua mwenyewe, watasema mimi ndiye niliyeufukia. Nikimshitaki mtu, nimshitaki nani, kwa ushahidi upi? Na siku za onyo zilikuwa zinakwisha. Ndipo nilipopata wazo ambalo hata sasa sijui lilitoka wapi. Nilirudi kwa yule binti wa ofisini.

"Naomba mnikatie umeme," nilimwambia.

Alicheka, akidhani natania. Watu humlilia asiwakatie.

"Nikatieni kwenye nguzo, mchana, saa za kazi. Na wewe uje. Nitamwomba na mwenyekiti wa mtaa awepo. Sitasema kitu, nyinyi msikilize tu."

Alinitazama kwa makini, na safari hii jicho lake lilikuwa jingine. Akaniambia nisaini maombi. Akaniambia pia, kwa haki, kwamba ikionekana ni wizi wa umeme, wa kwanza kuulizwa ni mwenye jengo. Nikasaini. Kalamu iliniteleza, ikabidi niandike jina langu mara mbili.

Walikuja siku ya tatu, saa nne asubuhi. Mume wangu alisimama karibu nami akiwa amevaa koti lake la kazi la reli, ambalo hakuwa amelivaa tangu astaafu. Mwenyekiti wa mtaa alikuwepo, na wanawake wawili wauza maandazi waliosogea kuangalia. Misumeno ililia nyuma ya ukuta kama kawaida. Fundi wa laini alipanda nguzo yetu, akavaa glavu, akachomoa fyuzi.

Misumeno ikanyamaza.

Haikuzimika taratibu kama inavyozimwa na mtu. Ilikatika yote kwa pamoja, katikati ya gogo, kwa mlio kama wa mnyama aliyebanwa koo. Mtaa mzima ulitulia. Mmoja wa wale wanawake akasema kwa sauti ndogo, "Mungu wangu." Yule binti alikuwa anaandika kwenye daftari lake, mkono wake haraka.

Kisha geti la ua likafunguliwa. Walitoka wanaume wanne wenye vumbi la mbao, nisiowajua. Nyuma yao akatoka yule aliyetuuzia. Hawakuja kwetu. Walisimama upande wa pili wa barabara wakamtazama kila mmoja wetu kwa zamu, kama watu wanaohesabu. Tulipokuwa tunaondoka, aliyetuuzia alisogea akanipita karibu.

"Dada," alisema, "ulikuwa na haraka gani?"

Waya ulifukuliwa mbele ya polisi, mnene kama kidole gumba, umepita chini ya sakafu yetu hadi ndani ya ua. Kumbe alikuwa akiwauzia umeme wale wapasua magogo miaka yote ile, na ofisi ilipoanza kumbana alimaliza deni, akapata risiti, akatuuzia jengo pamoja na waya wake ili bili zije kwetu. Magogo ya mninga yaliyokuwemo hayakuwa na kibali. Polisi waliporudi siku ya pili na watu wa misitu, ua ulikuwa mweupe. Lori lilikwisha ondoka na kila kitu, hata geti, naye hakuonekana tena mjini.

Nilikwenda ofisi ile mara nyingi sana kabla bili zetu hazijaondolewa. Binti yule alizifuatilia mpaka mwisho, kisha akahamishwa mkoa mwingine. Aliniambia aliomba mwenyewe. Sikumwuliza sababu, naye hakuonekana kutaka niulize.

Sasa karakana yangu iko pale, na mita mpya. Mafundi wangu hawamalizi siku bila kucheka. Mume wangu bado hakubali kukaa akiupa mgongo ukuta wa nyuma.

Mwaka huu nilipeleka sare Igunga. Nilikuwa stendi, mchana, nasubiri basi la kurudi, mtu akanigusa bega. Alikuwa yeye, amenenepa kidogo, mpole vile vile. Alinisalimia, akauliza hali ya shemeji na lile goti lake. Akauliza biashara.

"Na binti yako mkubwa, yule wa chuo, amezoea alikohamia?" akasema. "Hosteli ile haikumfaa."

Mwanangu alikuwa amehama juzi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeambiwa usiku uliotangulia, kwa simu.

"Anaendelea vizuri," nilijibu.

"Mwambie namsalimia." Akatazama tiketi mkononi mwangu, namba ya kiti ikiwa juu. "Safari njema, dada yangu."

Alipotokomea kati ya watu niliiacha tiketi ile juu ya benchi, nikatafuta lori la mpunga linaloelekea Nzega. Nilimpigia mwanangu simu mara tatu njiani. Mara ya nne akapokea, akashangaa kwa nini nahema.