Alama Nne kwa Wino Mwekundu

Vendelín Hrubeš alizaliwa Moravia, kwa baba mpiga kinanda wa kanisa. Alisoma muziki Brno, kisha akafundisha katika mji mmoja mdogo miaka arobaini. Alitunga misa tatu ambazo hata panya wa kanisani hawakuzisikia mara mbili. Kilichompa jina ni kipande kimoja tu cha fidla, kilichopata tuzo Praha.

Alipotimiza themanini, shule ilimfanyia sherehe. Mikate yenye nyama ya nguruwe na tango la siki ilipangwa mezani, watoto wakapiga kipande kile, watu wakashangilia. Mzee hakuweza kumeza hata tonge. Zdislava, mkuu wa shule aliyeketi mbele yake, ndiye aliyeutunga wimbo ule.

Aliuleta darasani kwake akiwa mwanafunzi wa miaka kumi na mitatu, kwenye daftari. Hrubeš alikuwa mkali kama pilipili. "Binti, hiki umenakili mahali. Kichwa cha kutunga hivi huna." Akampa nne, hatua moja tu kabla ya tano ya walioshindwa, na baba wa mtoto akalazimika kuisaini. Zdislava hakutunga tena. Miaka sita baadaye mwalimu aliukumbuka wimbo, akautia jina lake. Siku za mwizi ni arobaini. Huyu alipewa miaka thelathini.

Sasa, pale mezani, Zdislava alimwekea daftari lile mapajani.

"Umelitunza?"

"Si ulitukataza kutupa kazi zetu, Mwalimu?"

"Ulijua lini?"

"Wimbo uliposikika redioni. Mama alikuwa anamenya viazi, akasema, wimbo wako huo."

"Mbona ulinyamaza?"

"Nani angemwamini mtoto aliyepewa nne?"

Aibu ilimpanda mzee mpaka masikioni. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini alisimama.

"Muziki mliousikia si wangu," aliwaambia watu. "Ni wa Zdislava. Niliuiba."

Akaomba kalamu nyekundu, akaikata ile nne daftarini, akaandika moja, alama ya juu kabisa. Kisha akamsukumia Zdislava kitabu cha noti za muziki za wimbo ule, kilichochapishwa kwa jina lake.

"Sasa wewe nisahihishe mimi. Sheria ya darasa langu unaijua."

"Anayenakili hupata tano," alisema Zdislava.

Mzee alitumaini kidogo kwamba atahurumiwa. Zdislava aliiandika tano, kubwa, akapuliza wino ukauke.

"Mzazi lazima asaini," alisema. "Wako hawapo tena, Mwalimu. Saini mwenyewe."

Akasaini chini ya ile tano, mbele ya wanafunzi wake wote.